Ushuhuda wa Majani Mekundu

Igalula, Uyui
Jumatatu ya Pasaka

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine kwa siku zote nilizokupigia simu nikaanza na habari zangu kabla sijakuamkia vizuri. Goti linaendeleaje? Bado unalikanda kwa maji ya moto au umeliachia baridi ya huko ifanye inavyotaka? Na yule ng'ombe mwenye pembe moja, ameshazaa? Mimi hapa nina afya. Ninakula, ninalala, homa haijanishika tangu mwezi wa kumi na mbili. Hayo ndiyo mazuri, na nimeyatanguliza kwa sababu hayajazi hata nusu ukurasa.

Na wewe Lusekelo mdogo wangu, najua ndiwe uliyeshika barua hii, umekaa karibu na meko, Mama amefumba macho anasikiliza. Nakuomba kitu kimoja. Usiruke. Nakufahamu, ukifika mahali pabaya huwa unakohoa kisha unasoma mstari wa chini. Leo soma kama nilivyoandika, hata Mama akikuambia basi.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu imenifanya mwongo. Mtandao huku unapatikana juu ya kichuguu kimoja nyuma ya shule. Ukisimama pale kijiji kizima kinakuona na nusu yake inakusikia. Kwa hiyo nikipanda pale nasema salama, Bwana ni mwema, kazi inasonga. Mwaka jana mwishoni mwa mwezi wa kumi nilipanda nikakuambia kwamba mvua imekuja kama nilivyohubiri. Ukalia kwa furaha, na Jumapili yake ukasimama mbele ya kina mama wa kanisani ukatoa ushuhuda juu yangu. Lusekelo aliniambia walipiga vigelegele. Mama, ule ushuhuda ndio ulionikalisha kuandika leo. Sikiliza mpaka mwisho, kisha nitakuambia ninachotaka ufanye.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitufundisha shambani. Ukiona majani mapya kwenye miti, chukua jembe, maana ardhi imeshalowa chini hata kama juu pamekauka. Ulinifundisha hilo nikiwa na miaka sita na sijawahi kuliona likikosea, kwa sababu kwetu Rungwe mvua haiendi mbali. Inaondoka mlimani asubuhi, jioni imerudi. Mtoto wa kwetu hajui ardhi yenye kiu. Mimi nilikuwa sijui, na Chuo cha Biblia hakuna aliyenifundisha, nikapangiwa kazi ya uinjilisti huku nikabeba sanduku langu na jembe lako kichwani.

Nilifika Januari ya mwaka jana, msitu mzima kijani, uyoga umejaa njiani, nikasema moyoni mbona watu walinitisha bure. Mvua ikakoma mwezi wa tano, na ilipokoma ilikoma kweli. Mwezi wa sita nyasi zikawa njano. Wa saba zikachomwa, moshi ukakaa juu ya kijiji wiki nzima. Wa nane miti ikapukutika ikabaki vijiti, na mto wetu ukawa mchanga mtupu ambao tunauchimba kwa sufuria kutafuta maji. Nilikuwa nikiamka naangalia juu, bluu tupu, hakuna hata wingu la kusingizia. Nikaanza kusali kwa hasira. Nikamwambia Mungu kwamba amenileta mahali alipopasahau.

Ndipo mwezi wa tisa, katikati ya ukavu ule, miti ikachipua. Kuna miti huku wanaiita mitundu, ndiyo mingi zaidi msituni. Nilitoka asubuhi moja kwenda kuchota maji nikaikuta imevaa majani mapya, mekundu, laini kama sikio la ndama, na hakuna tone lililokuwa limeanguka tangu mwezi wa tano. Nilisimama na ndoo kichwani nikalia. Nikasema, Bwana umenijibu, miti imesikia jambo ambalo sisi hatujalisikia.

Jumapili ile nilihubiri kama sijawahi kuhubiri. Nilisema miti ina imani kutuzidi sisi, imevaa nguo za sikukuu kabla ya kualikwa. Nilisema mvua iko mlangoni, mwenye imani apande sasa, kwenye vumbi, asingoje kulowa. Ningeishia hapo pengine yangepita kama mahubiri mengine. Lakini mdomo wangu unaujua, ulinizaa nao. Nikaongeza kwamba anayebakiza mbegu nyumbani amemwambia Mungu waziwazi kuwa hamwamini, na kwamba nitakuja kuuliza mmoja mmoja.

Baada ya ibada mzee wa kanisa akanifuata. Anaitwa Mzee Maganga, mkulima na mrina asali, mtu wa maneno machache na kiburi kidogo. Akaniambia kwa adabu kuwa miti ile hufanya vile kila mwaka. Haiangalii mvua. Mizizi yake imekwenda chini sana, kuna maji ya masika yaliyopita, ndiyo inayokula. Yeye akiyaona yale majani huenda kukagua mizinga yake, jembe hagusi. Mama, mtu yule alikuwa ananiokoa. Mimi nikaona ananidharau kwa kuwa ni mwanamke na mgeni. Nikamjibu mbele ya watu, kwa sauti, kwamba hata Tomaso alikuwa mwanafunzi. Watu wakacheka. Mzee Maganga akavaa kofia yake akaenda zake, na Jumapili mbili zilizofuata hatukumwona.

Sasa nikujulishe mtu ambaye sijawahi kukutajia. Kuna mjane hapa, umri wangu, anaitwa Mama Kabula. Mumewe alifariki kabla sijaja. Shemeji zake walimtoa kwenye nyumba ya marehemu, na watu wa kanisa wakamjengea nyingine, vyumba viwili, kwenye kiwanja cha kanisa. Ana watoto watatu, na Kabula ndiye aliyekuwa mdogo wao, miaka mitano wakati ule. Siku aliyopanda nilikwenda kumsaidia. Alitoa mahindi na karanga, zote alizokuwa nazo. Kabula alikuwa akitufuata nyuma akifukia mashimo kwa kisigino. Shimo moja la karanga akakataa kulifukia, akasema anataka kuiona ikiamka. Kabla hatujamaliza mstari kuku alikuwa ameshaila, na mtoto akalia njia nzima ya kurudi nyumbani. Mimi na mama yake tulicheka sana.

Jumapili ya tatu nikafanya jambo ambalo likinijia hata nikiwa nasonga ugali naacha mwiko. Nikasema waliopanda wasimame tuwaone. Wakasimama. Wengi walikuwa wamepanda kipande kidogo tu cha shamba ili mwinjilisti asinune, mbegu zilizobaki wamezificha darini. Nikapita benchi kwa benchi nikiuliza, umebakiza? Wakawa wanatazama miguu yao. Nilipofika kwa Mama Kabula akasema, "Sijabakiza." Nikamshika mkono nikauinua juu, nikawaambia watu watazame imani inavyofanana.

Mvua ikanyesha. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa kumi, siku mbili mfululizo, mvua ya haki kabisa. Nililala nikisikiliza bati nikajiona nabii. Mbegu zikatoka, shamba la Mama Kabula likawa na mistari ya kijani unaiona ukiwa barabarani. Hapo ndipo nilipopanda kichuguu nikakupigia simu. Na Jumapili nikasema kwamba waliobakiza mbegu waende kwa mjane wakaone walichokosa.

Halafu jua likarudi. Siku tano, siku kumi, siku ishirini, mwezi wa kumi na moja wote. Kila asubuhi nilikuwa nakwenda kwenye lile shamba kama mtu anayemjulia hali mgonjwa. Mahindi yalikunja majani kwanza, kisha yakawa meupe, kisha yakawa ukiyagusa yanavunjika. Karanga zilivumilia kidogo zaidi. Mvua yenyewe ilikuja mwezi wa kumi na mbili, na watu wote wakapanda darini wakateremsha mbegu zao. Mama Kabula hakuwa na kitu darini.

Nilichukua treni pale stesheni ya Igalula nikaenda Tabora mjini kutafuta mbegu. Mtaa wa Ng'ambo kuna mzee mmoja, Mwislamu, anauza mbegu na majembe na kuziba pancha za baiskeli kwenye kibanda kimoja. Nilimweleza kwa kuzungukazunguka, nikasema kuna mtu alipanda shamba zima mapema likaungua. Akashangaa, akaniuliza mtu huyo ni wa wapi, maana wa hapa hafanyi hivyo. Nikasema ni mgeni. Akasema, "Basi mpe pole, atajifunza." Akaongeza kopo zima juu ya mbegu nilizonunua, na hakujua kuwa mgeni mwenyewe ndiye aliyesimama mbele yake. Tulipanda nusu ya shamba, tukiwa tumeshachelewa.

Januari na Februari huku ni miezi ya njaa hata kwa waliopanda vizuri. Ya zamani yameisha na mapya bado mabichi. Mama Kabula akaanza vibarua kwenye mashamba ya tumbaku ya watu, anaondoka alfajiri anarudi jioni na kibaba cha unga. Watoto wakawa wanakula mara moja kwa siku. Nikiwa na kitu nilikuwa nawaita, lakini na mimi chakula changu kinatoka kwa hao hao washarika, na safari hii mikono yao ilikuwa mifupi kwangu, nami nilijua kwa nini. Kabula alikuwa akija na uyoga kwenye kikapu, anasimama mlangoni ananiamuru, "Mwinjisti, pika." Alikuwa amekonda shingo. Mtoto wa miaka mitano hapaswi kukonda shingo.

Homa ilimshika mwishoni mwa Februari, mvua ikiwa imechachamaa. Ilikuwa malaria, ile ile inayowashika watoto wote wa hapa wakapona wakarudi kucheza. Yeye hakuwa na nguvu ya kupambana nayo. Kwenda zahanati lazima uvuke mbuga, bonde pana la tope, na mbuga ilikuwa imejaa maji. Mzee Maganga alisukuma baiskeli, Mama Kabula na mimi tukamshikilia mtoto juu ya keria, maji yanatufika kiunoni, mvua inatupiga usoni. Mvua ile ile niliyoiomba, Mama. Katikati ya mbuga Kabula akasema anasikia baridi. Mama yake akamfunika kwa khanga iliyolowa, hakukuwa na nyingine. Tulipofika upande wa pili alikuwa ameshakwenda. Tulikaa pale kwenye matope, sisi watu wazima watatu, hatukuwa tena na haja ya kuharakisha.

Lusekelo, ukitaka kupumzika pumzika hapa, mpe Mama maji anywe. Lakini urudi.

Ibada ya mazishi niliiongoza mimi, hakuna mwingine wa kuiongoza. Nilisema yote yanayosemwa. Nilipofika pale tunaposema kwamba Bwana ndiye aliyetoa na Bwana ndiye aliyechukua, ulimi ulikwama, maana nilijua safari hii Bwana alikuwa amesaidiwa kuchukua. Watu walidhani ni uchungu. Mama mmoja akaanzisha wimbo ili kunifichia.

Baada ya mazishi Mama Kabula alinishukuru. Jumapili iliyofuata alikuwa kwenye benchi lake, akasimama akasema anamshukuru Mungu kwa yote, na anamshukuru mwinjilisti aliyemshika mkono. Ningependa anitukane. Hata angenipiga na mti wa ufagio ningepumua. Kila Jumapili alikuwa akiitika amina kabla ya wote, na kila amina ilinichoma peke yangu.

Kwaresima nzima nilikuwa na swali moja kichwani. Nikimwambia ukweli, kwamba haikuwa sauti ya Mungu, ulikuwa ujinga wa msichana wa Rungwe asiyejua msitu wa watu, nitamnyang'anya kitu pekee alichobaki nacho, kwamba alipanda kwa imani. Nisipomwambia, Mungu ataendelea kubeba kosa langu mbele ya mjane. Nimemsingizia Mungu, na yeye hana kichuguu cha kupanda ajitetee. Nilikuwa naomba anipe jibu. Nje mvua inanyesha tu.

Desturi ya Pasaka huku ni ile ile ya kwetu. Jumamosi tunasafisha makaburi, Jumapili kabla ya jua tunasimama katikati yake tunangoja kupambazuke, ndipo mwinjilisti anatangaza kwamba Bwana amefufuka. Makaburi yetu yako kando ya njia ya zamani, ile waliyopita wapagazi na pembe za ndovu wakielekea pwani. Upande wa pili wa njia kuna malundo madogo ya mawe, na hakuna anayejua waliolala pale waliitwa nani. Wanawake wa hapa husafisha pande zote mbili.

Juzi nilimkuta Mama Kabula amechuchumaa anang'oa nyasi kwa mkono. Ni wiki chache tu, lakini kwa mvua hizi kaburi limeota kuliko shamba lake. Nikachuchumaa upande wa pili nikamwambia yote, haraka, kabla sijabadilisha mawazo. Habari ya miti na mizizi, Mzee Maganga, wewe na mafunzo yako ya Rungwe. Nikamwambia sikutumwa na mtu, nilijituma mwenyewe.

Hakuacha kung'oa. Alimaliza mpaka kwenye msalaba, ndipo akasema, "Nilijua."

Nikamwuliza alijua nini.

"Mwinjilisti, mimi nimezaliwa hapa. Hiyo mitundu naiona ikichipua tangu nabebwa mgongoni. Mzee Maganga hakusema jambo nisilolijua."

"Sasa kwa nini ulipanda zote?"

Hapo ndipo aliponiangalia. "Ulisema anayebakiza hamwamini Mungu. Ulisema utatuuliza mbele ya watu. Nyumba ninayolala ni ya kanisa. Nikionekana sina imani, mimi na watoto twende wapi?"

Mama, nilikuwa nimejiandaa kuiona imani yake ikivunjika mbele yangu. Kumbe pale haikuwepo imani ya kuvunjika. Ilikuwepo hofu, na hofu ile niliipanda mimi, nikaimwagilia Jumapili tatu. Mtoto alikufa kwa sababu mama yake aliniogopa. Hilo nimeliandika hapa ili nilione kwa macho, maana kichwani lilikuwa linakimbia.

Nilitaka kupiga magoti. Akanizuia, akasema udongo umelowa nitachafua kitenge na kesho nina ibada. Akanionyesha kwa kidole nyasi za upande wangu. Tukang'oa mpaka tukamaliza, kisha tukavuka njia tukasafisha na kwa wapagazi. Hakusema amenisamehe, wala mimi sikumwuliza.

Jioni nikaenda kwa Mzee Maganga kumwomba radhi. Alinisikiliza huku akinoa shoka. Nilitegemea atasema neno la kunituliza, maana ni mzee wa kanisa. Akasema na yeye siku ile alipita na baiskeli, akamwona Mama Kabula anapanda shamba zima, akajua kitakachotokea. Akanyamaza. Nilikuwa nimemtia aibu na yeye alitaka jua linijibu kwa niaba yake. "Na lilinijibia," akasema, akaendelea kunoa. Mkewe akatuletea uji, tukanywa.

Jana alfajiri tukasimama makaburini. Umande ulikuwa mwingi, watu wamejifunika khanga na makoti. Kabla ya kutangaza nikawaambia nina neno langu kwanza. Habari za Mama Kabula sikuzisema, hizo ni zake. Nilisema za kwangu. Kwamba yale majani mekundu ya mwezi wa tisa hayakuwa amri ya Mungu ya kupanda. Kwamba niliyahubiri bila kuuliza wenye msitu wao, nikamdhihaki mzee wao alipotaka kunionya. Na kwamba katika kanisa hili hakuna atakayeulizwa tena mbele ya watu amebakiza nini nyumbani kwake, wala hakuna atakayetolewa kwenye nyumba kwa sababu ya kipimo cha imani. Niliwageukia wazee wa kanisa wanithibitishie hilo la nyumba. Mzee Maganga akatikisa kichwa kukubali, na wenzake wakafuata.

Hakuna aliyesema amina. Jua likaanza kutokea nyuma ya mitundu, ambayo sasa ina majani ya kawaida tu, ya kijani, yametobolewa na wadudu. Nikatangaza kwamba Bwana amefufuka. Nilisema nikiamini, ila sikupaza sauti kama mwaka jana. Watu wakaitika. Mimi nikamtazama Mama Kabula. Alikuwa amesimama miguuni pa kaburi, amewashika watoto wake wawili huku na huku, na mdomo wake umefungwa. Tangu nimjue mwanamke yule ameitika kila nilichosema. Jana hakuitika. Nikaelewa kwamba haniogopi tena, na katika mwaka mzima huu wa kazi yangu sina mavuno mengine ya kukuonyesha.

Najua utauliza kama bado ninaamini. Ninaamini, Mama. Lakini nimeacha kuusoma msitu kama barua iliyoandikwa kwa jina langu. Mtundu hauhubirii mtu. Unachipua kwa maji uliyoyanywa mwaka uliopita, wakati ambao hakuna aliyekuwa akiutazama, na kama mwaka uliopita haukunywa, hauchipui. Mimi nilikuja na majani bila mizizi. Imani niliyo nayo leo ni ile uliyoninywesha wewe jikoni, tukimenya ndizi tukiimba, kabla sijajua hata kusoma. Ndiyo ninayoila sasa, kidogo kidogo, na sijui itanifikisha wapi. Kuna asubuhi naamka sioni kitu. Nafungua mlango nafagia uwanja, basi.

Sijaomba kuhamishwa. Wakinihamisha nitakwenda. Wasiponihamisha nitakaa, maana mwezi wa tisa miti itakuwa myekundu tena na ninataka niwepo, ninyamaze, kisha niende kumwuliza Mama Kabula tunapanda lini. Kama atapenda kunijibu.

Sasa ombi langu. Ule ushuhuda ufute. Najua litakuuma, najua ni miaka mingapi ulikaa benchi la nyuma ukisikiliza wenzako wakisifia watoto wao, na siku ile ilikuwa zamu yako. Nakunyang'anya, nisamehe. Jumapili simama mahali pale pale, mbele ya kina mama wale wale, uwaambie mvua ile ilinyesha siku mbili tu. Waambie mwanao alisema Mungu amesema, na Mungu hakuwa amesema. Wakianza kukufariji kwamba Mungu ana makusudi yake, wakatalie. Kwa hili makusudi yalikuwa yangu.

Barua hii anakuja nayo mwalimu wa shule yetu anayekwenda likizo Mbeya. Mpe ndizi za kubeba na umlaze kama ameingia jioni. Nisalimie baba mdogo fundi seremala, mwambie benchi alilonitengenezea bado halijalegea. Nisalimie shangazi wa parachichi pale sokoni, na bibi jirani aliyenifundisha kusali. Mchungaji wetu mwambie nitamwandikia yake, si ya kufichwa hii, akitaka kuisoma mpe. Lusekelo, asante kwa kutoruka.

Na wakikuuliza mtoto mwenyewe ni nani, Mama, usiseme mtoto wa mjane mmoja. Sema anaitwa Kabula. Huku ndilo jina wanalompa msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha.

Mimi mwanao,
Atupele